Joto Lipelekwe Wapi? Kutoka Kuta za Jumba la Mtwana hadi Nguzo za Nishati

Mwamba unaoibeba Mtwapa ulizaliwa baharini. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilisimama juu kuliko ilivyo leo, na matumbawe yakajijenga katika maji ya kina kifupi kandokando ya ufuo. Maji yaliporudi nyuma, matumbawe yale yakabaki nchi kavu na kushikamana kuwa jiwe. Ukanda huo wa mawe, uliojaa vitundu, nyufa na mapango yanayopitisha maji, unafuata mwambao wa Kenya kutoka kusini ya Mombasa hadi Malindi. Juu yake walijenga Waswahili na Wamijikenda, na juu yake yanapanda leo maghorofa ya Mtwapa. Ndani yake limo pia swali ambalo wahandisi wa misingi ughaibuni wamelishughulikia kwa miaka 40: je, ardhi inayoibeba nyumba inaweza pia kuipoza?

Kupoza nyumba ni kazi ya kuhamisha joto. Hakuna mashine inayoliangamiza. Litatoka chumbani, nalo lazima liende mahali. Ukiitazama historia ya ujenzi wa pwani kwa jicho hilo, utaona kuwa kila zama ilijibu kwa namna yake swali la wapi joto lipelekwe. Wazee walilihifadhi ukutani mchana na kulirudisha angani usiku. Sisi tunalimwaga barabarani kwa viyoyozi. Nguzo za nishati, yaani nguzo za msingi zenye mabomba ya maji ndani yake, zinapendekeza tulishushe ardhini, chini ya msingi. Ninaamini pendekezo hilo lina nafasi Mtwapa, ila kwa sharti kwamba hesabu yake ianzie kwenye ardhi ya Mtwapa, si kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za theluji.

Jibu la kwanza lilikuwa jiwe. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifichua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine: ya mwanzo ya miti na udongo katika karne ya 8, na ya mawe ya matumbawe kufikia karne ya 10. Kutoka hapo ufundi ulienea na kukomaa. Mafundi walitumia mawe ya aina mbili. Matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi yalikuwa laini, yakachongwa kuwa vizingiti, vibla na zidaka kabla ya kukauka na kuwa magumu. Mawe ya nchi kavu, yale ya mwamba wenyewe, yalijaza kuta. Yote yaliunganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo kubwa la magogo, kisha kuizima kwa maji na kuiacha iive. Dari zilibebwa na boriti za mikoko zilizokatwa kwenye mahori, na kwa kuwa boriti haikuweza kuvuka nafasi kubwa, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, upana wake ukizidi kidogo tu mita mbili na nusu. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kwenda Oman na Ghuba, zikaezeka nyumba za nchi zisizo na miti.

Mtwapa ina ushahidi wa zama hizo mara mbili. Kusini ya Kilifi, karibu na mdomo wa hori ya Mtwapa, yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji uliostawi katika karne ya 14 na kuachwa katika karne ya 15. Mwanaakiolojia James Kirkman aliyasafisha na kuyachunguza mwaka 1972: misikiti minne, nyumba kadhaa, visima na birika. Kwenye ukingo wa hori yenyewe yamo magofu ya mji mkongwe wa Mtwapa, ambao Chapurukha Kusimba na wenzake wameuchimba kwa miaka mingi, mji uliodumu karne kadhaa hadi karne ya 18. Anayepita leo kati ya kuta hizo huona unene wake kwanza. Nyingi hukaribia nusu mita.

Unene huo una hesabu yake. Jua linapopiga ukuta, joto halivuki mara moja. Huingia polepole kama wimbi, likipungua nguvu kwa kila sentimita. Katika jiwe la kawaida, wimbi la joto la siku moja hubakiwa na takriban theluthi ya nguvu zake baada ya sentimita 17 hivi, na kufikia nusu mita limebaki sehemu ndogo mno. Tena huchelewa: ukuta wa nusu mita hulichelewesha joto la adhuhuri kwa karibu saa 12, likafika upande wa ndani usiku wa manane. Kwa hiyo mchana chumba kilibaki na halijoto ya wastani wa usiku na mchana, na usiku upepo uliopita kwenye ua wa ndani na madirisha uliupokonya ukuta kile ulichokusanya. Kila siku ilifunga hesabu zake. Nyumba ya udongo na makuti ya Mijikenda ilifuata njia nyingine: kuta nyepesi zisizoweka joto, paa nene linalozuia jua, na hewa inayopenya kila upande. Njia zote mbili zilihitaji kitu kimoja, nacho ni nafasi ya usiku kulipoza jengo.

Chini ya miji hiyo kulikuwa na maji, na maji ni sehemu ya hadithi ya joto. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kuhusu visima vilivyo milangoni mwa misikiti, vifupi kiasi kwamba maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mfupi. Huko Gedi, ambako Kirkman alichimba kati ya mwaka 1948 na 1958, visima vililazimika kwenda chini zaidi, na kushuka kwa maji ni moja ya sababu zinazotajwa za mji ule kuhamwa. Wachimba visima wa pwani wamejua siku zote kwamba karibu na ufuo maji ya kisima hupanda na kushuka pamoja na bahari, na kwamba maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Elimu hiyo ya visima itarudi kutufaa mbele.

Jibu la pili liliingia na mabati, saruji na umeme. Mabati yaliezeka haraka na kuzuia mvua vizuri kuliko makuti, lakini yalipitisha joto la jua moja kwa moja. Tofali za saruji za unene wa sentimita 15 au 20 zilichukua nafasi ya kuta nene. Katika kipindi hichohicho Willis Carrier alibuni, mwaka 1902, mtambo wa kudhibiti unyevu wa hewa katika kiwanda cha uchapaji huko New York, na mtambo huo ukazaa kiyoyozi. Daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980, badala ya lile la kuelea la mwaka 1931, pwani ya kaskazini ikasogea karibu na jiji. Daraja la Kilifi likafuata mwaka 1991. Mtwapa, iliyo kwenye barabara inayounganisha madaraja hayo mawili, ikakua kutoka kituo cha kando ya hori kuwa mji wa majumba ya kupanga, hoteli na maduka makubwa. Majengo yake mengi yana kuta nyembamba, vioo vipana na safu za viyoyozi nje. Kila kiyoyozi hutoa nje joto la chumba pamoja na joto la umeme kinaoutumia, na hulitoa kwenye hewa ambayo mwezi wa Machi, kaskazi inapolegea, tayari imefika nyuzi 32 au zaidi. Chumba kinapoa kwa gharama ya mtaa.

Ndipo watu wanapoinamisha macho kutazama ardhi. Lakini hapa lazima vitenganishwe vitu viwili vinavyoitwa jotoardhi. Afrika ya Mashariki na Kati ina heshima kubwa katika ile ya kwanza, ya joto la kina kirefu. Huko Kiabukwa, Katanga, mtambo mdogo ulizalisha umeme kwa maji ya chemchemi ya moto tangu mwaka 1952, miaka mingi kabla ya nchi nyingi tajiri. Kenya ilichimba visima vya kwanza Olkaria mwaka 1956, ikawasha mtambo wa kwanza wa megawati 15 mwaka 1981, na leo ina zaidi ya megawati 900 zinazotoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi. Mashamba ya maua ya Naivasha yamepasha moto vibanda vyao kwa joto hilo, na huko Menengai Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi, iliyoanzishwa mwaka 2008, imeonyesha namna ya kulitumia kuchemshia maziwa na kufulia nguo. Joto la Olkaria linatoka kwenye Bonde la Ufa, kutoka kina cha kilomita kadhaa, na linazidi nyuzi 200. Mtwapa haina volkeno. Jotoardhi yake ni ile ya pili: utulivu wa halijoto katika mita chache za juu.

Utulivu huo unatokana na kanuni ileile ya ukuta wa Jumba la Mtwana. Kama wimbi la siku hufifia katika nusu mita, wimbi la mwaka, ambalo ni refu mara 365, huhitaji kina kikubwa zaidi, ila si mara 365: mita tatu hivi kupoteza theluthi mbili za nguvu, na mita 10 kukaribia kuisha kabisa. Kuanzia hapo ardhi hushika wastani wa halijoto ya mahali kwa mwaka mzima. Mjini Vienna au Zürich wastani huo ni nyuzi 10 hadi 12. Katika majira ya baridi kali ardhi hiyo ni vuguvugu kuliko hewa, na katika majira ya joto ni baridi kuliko hewa. Nchi za namna hiyo zina bahati ya kuitumia pande zote mbili.

Mtambo wa kuitumia ulibuniwa zamani. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alieleza mwaka 1852 jinsi mashine ya kupoza inavyoweza kugeuzwa kuwa ya kupasha joto. Katika miaka ya 1850 Peter von Rittinger alijenga pampu ya joto kwenye kiwanda cha chumvi huko Ebensee, Austria. Mwaka 1912 Heinrich Zoelly wa Uswisi akapata hataza ya kuchota joto kutoka ardhini. Wazo la kulaza mabomba ndani ya misingi lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Austria na Uswisi. Wahandisi walitambua kuwa nguzo za zege zilikuwa zikichimbwa hata hivyo kubeba majengo kwenye udongo laini. Ukifunga mabomba ya plastiki kwenye kizimba cha nondo kabla ya kumwaga zege, unapata njia ya kufikia ardhi bila kuchimba tena. Maji yakizungushwa katika mabomba hayo huchukua joto au huliacha, na pampu ya joto hukamilisha kazi.

Jina linalotajwa zaidi katika elimu hiyo ni Heinz Brandl wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna, aliyetoa mhadhara wa Rankine, wa uhandisi wa ardhi, mwaka 2001 na kuuchapisha mwaka 2006 kama muhtasari wa miaka 20 ya kazi. Mfano mashuhuri ni jengo la abiria la Dock Midfield katika uwanja wa ndege wa Zürich, lililoanza kazi mwaka 2003 juu ya nguzo zaidi ya 300 zenye mabomba. Lakini kabla ya kukubali jambo hili kwa majengo makubwa, wahandisi walitaka kujua: nguzo inayopashwa moto na kupozwa kila mwaka inabaki imara? Lyesse Laloui na wenzake walipima nguzo chini ya jengo la chuo cha EPFL, Lausanne, huku jengo lenyewe likiendelea kujengwa juu yake. Huko Clapham, London, mwaka 2007 nguzo ya majaribio yenye kina cha mita 23 ilibebeshwa mzigo, ikapozwa kwa majuma kadhaa, kisha ikapashwa joto, huku nyuzi za kupimia zikisoma mkazo wake mita kwa mita.

Majibu yalionyesha picha iliyo wazi. Zege hutanuka kwa takriban sehemu 10 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Nguzo ya mita 15 ikipashwa nyuzi 10 itataka kurefuka milimita moja na nusu. Ikiwa hakuna kinachoizuia, itarefuka bila kuumia. Ikiwa imeshikwa kabisa juu na chini, haitarefuka, na badala yake mgandamizo ndani ya zege utaongezeka kwa megapaskali 3 hivi, yaani kama sehemu ya kumi ya nguvu ya zege la kawaida la misingi. Nguzo halisi iko kati ya hali hizo mbili. Sehemu fulani ya katikati haisogei. Juu yake nguzo husukuma kwenda juu, chini yake husukuma kwenda chini, na msuguano wa ardhi pembeni hugeuka mwelekeo. Nguzo ikipozwa, kinyume chake hutokea, na mahali pengine zege linaweza kuvutwa badala ya kugandamizwa. Mhandisi anayejua hayo huongeza nondo panapotakiwa, huangalia tofauti ya mwendo kati ya nguzo jirani, na jengo linasimama. Majengo ya Austria na Uswisi yamekuwa yakifanya hivyo kwa miongo minne.

Basi tuyalete Mtwapa. Wastani wa halijoto ya hewa hapa ni kati ya nyuzi 26 na 27, na mwezi wa joto zaidi unaupita mwezi wa baridi zaidi kwa nyuzi 4 hivi tu. Ardhi ya kina cha mita 10 iko karibu na nyuzi 27 mwaka mzima. Jambo la kwanza linalofuata ni kwamba huwezi kupoza chumba kwa kuzungusha tu maji ya ardhini, kama wafanyavyo Zürich. Kiyoyozi bado kitahitajika, na kazi ya ardhi ni kukipunguzia mzigo. Kutupa joto kwenye ardhi ya nyuzi 27 ni rahisi kuliko kulitupa kwenye hewa ya nyuzi 32, lakini tofauti ni nyuzi 5 tu, na hupungua mara ardhi inapoanza kupata moto.

Na itapata moto, kwa kuwa pwani haina majira ya baridi ya kulichukua joto lile. Vienna huweka joto ardhini Julai na kulichota Januari. Mtwapa itaweka Januari na Julai, mwaka wa kwanza na wa kumi. Joto linalowekwa ardhini bila kulipwa ni deni, na deni hilo hukua kimyakimya: ardhi inayoizunguka nguzo hupanda nyuzi moja baada ya nyingine hadi kiyoyozi kinafanya kazi ngumu kuliko kama kingetupa joto nje. Pale ambapo ardhi ni mchanga usioshiba maji, joto hukausha mchanga kuzunguka nguzo, na mchanga mkavu hupitisha joto mara tano chini ya mchanga uliolowa. Hivyo kosa hujizidisha. Vitabu vya Ulaya vinaonya sana kuhusu ardhi kuganda. Onyo la Mtwapa ni kinyume chake, na lazima liandikwe hapa.

Ndipo elimu ya visima inaporudi. Mwamba wa matumbawe uliojaa maji hauko kimya. Kwenye kingo za hori, maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 3 na kushuka tena mara mbili kwa siku, na maji yaliyo ndani ya nyufa huyafuata. Maji yanayotembea hubeba joto na kuondoka nalo, kazi ambayo jiwe peke yake haliwezi. Nguzo iliyozama katika mwamba wa namna hiyo ina nafasi ya kulipa deni lake kila siku, kama ukuta wa Jumba la Mtwana ulivyolipa lake. Nguzo iliyo kwenye mchanga mkavu mita chache tu mbali haina nafasi hiyo. Ndiyo maana hakuna jibu moja kwa mji mzima, na ndiyo maana jaribio la kupima mwitikio wa joto, la kupasha shimo moja kwa siku mbili au tatu na kusoma jinsi halijoto yake inavyopanda, lina thamani kubwa kuliko michoro yote ya kuazima.

Maji hayo yana hatari zake pia. Karibu na hori ni ya chumvi, na chumvi hula nondo; zege lazima liwe zito na lifunike chuma vizuri, na mabomba ya plastiki hayataoza lakini viungo vya chuma vitashika kutu. Wakazi wengi wanategemea visima, kwa kuwa maji ya bomba yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki hayatoshi kila mtaa kila siku. Mabomba yaliyofungwa hayavuti tone kutoka ardhini, na hiyo ni faida yake juu ya mifumo inayosukuma maji ya kisima. Hata hivyo haki ya jirani inadai tujue kisima chake kitapata moto kiasi gani.

Lipo pia jambo ambalo muuzaji wa teknolojia hatalisema: majengo mengi ya Mtwapa hayahitaji nguzo. Mwamba uko karibu na uso, na msingi mfupi unatosha. Nguzo za nishati zina maana pale nguzo zinapohitajika kwa sababu nyingine: kwenye tope na mchanga wa kingo za hori, chini ya madaraja, chini ya majengo marefu yenye mizigo mikubwa. Kwingine, mwenye hoteli anayetaka faida ileile afikirie mashimo ya mabomba au kiyoyozi kinachopasha maji ya kuogea kwa joto lake. Hili la mwisho ndilo lililo rahisi kuliko yote. Hoteli ya pwani hupoza vyumba na kuchemsha maji siku hiyohiyo. Joto linaloingia tangini halihitaji kuingia ardhini, na deni linapungua kabla halijaandikwa.

Tuchukue hesabu ya mfano. Nguzo 20 za mita 15, zikiwa kwenye ardhi iliyolowa na kila mita ikitupa wati 40, zitaondoa kilowati 12. Hizo zinatosha viyoyozi vya vyumba vitatu vya kulala. Jengo la vyumba 30 halitapozwa na nguzo zake peke yake, hata zikiwa nzuri vipi. Litapozwa na kivuli kwanza: baraza, madirisha yanayopokea kusi na kaskazi, paa lisilopitisha jua, vioo vichache upande wa magharibi. Eastgate ya Harare, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce, inaonyesha kuwa jengo kubwa la Afrika linaweza kuhifadhi baridi ya usiku katika uzito wake. Harare ni nchi ya juu na usiku wake ni baridi. Pwani haina usiku kama huo, lakini kanuni ya kupunguza joto kabla ya kulihamisha inafaa kote. Mzigo ukishapungua nusu, nguzo 20 zinapata maana.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama huko, kwa Mtwapa, ni kazi mahususi ambayo vyuo vikuu vya pwani, kaunti ya Kilifi na wajenzi wanaweza kuianza bila kungoja mtu: kupima halijoto ya ardhi kwa mwaka mzima katika visima vilivyopo, kupima kasi ya maji ndani ya mwamba kwenye kingo za hori na mbali nazo, kufunga mabomba katika nguzo chache za jengo linalojengwa hata hivyo, na kuchapisha matokeo yote, mazuri na mabaya, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Kenya iliingia Olkaria mwaka 1956 kwa visima viwili na ikasubiri miaka 25 kabla ya kuwasha taa ya kwanza. Jotoardhi ya mita 15 haihitaji subira kubwa hivyo, ila inahitaji uaminifu uleule wa kupima kabla ya kujenga. Mafundi wa Jumba la Mtwana hawakuwa na vipimo vya aina hiyo, lakini walijenga nyumba ambazo kila asubuhi zilianza bila deni la joto la jana. Hicho ndicho kipimo ambacho jengo lolote jipya la pwani linapaswa kukipita.